Rangi Juu ya Ufa

Kabla hakujakucha, kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, mjukuu wangu Sekela akichemsha chai ya kuondokea kazini. Mara mlango wetu ukavunjwa kwa teke.

Waliingia ndugu wawili, Anord na Jofrey, wameshika panga na rungu. Jana yake, kwenye mashine yao ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, puli ya chuma, gurudumu la kuzungusha mkanda, ilipasuka ikizunguka, kipande kikamkata mkono kaka yao Silvester. Puli ile ilitengenezwa karakana ya hapa Rujewa, na mkaguzi wa pale ni Sekela. Hupaka chuma mafuta ya taa, hufuta, kisha hupaka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta hurudi juu na kulowesha chaki.

"Uliikagua?" Anord alimburuta kwa nywele hadi uani.

"Niliikagua, kaka. Lakini ilikuwa imeshapakwa rangi. Wateja walitubana, tukatanguliza rangi. Ikaziba ufa."

"Rangi! Kwani mlikuwa mnapamba bi harusi?"

Jofrey akampiga ngumi ya mdomo. Nilisikia jino likivunjika. Nikajitupa juu ya mjukuu wangu, rungu likanishukia begani.

"Toka, bibi. Tunataka mkono tu."

Waliukanyaga mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kufulia. Anord akainua panga.

"Kuna puli nyingine tuliyoipaka rangi siku moja na yenu," Sekela alisema, damu ikimtoka. "Iko kwenye mashine ya Crispin. Nipelekeni kwanza nikaitazame, halafu mnikate."

Panga likabaki juu.

"Mashine yetu imekufa," Jofrey akasema taratibu. "Mama anapeleka mpunga kwa Crispin asubuhi hii."

Tulikwenda kwa pikipiki zao. Jofrey alinifunga bega kwa shati lake. Crispin alikataa kuzima mashine. Anord akamtandika kofi, akaizima mwenyewe. Mama yao alikuwa amesimama karibu kabisa na puli, ameshika gunia. Sekela akakwangua rangi, akapaka mafuta, akafuta, akapaka chaki. Mstari ukajichora, mrefu kama kidole. Anord akakaa chini kwenye pumba, akalitupa panga.

Jioni tulimwendea Silvester wodini. Sekela akapiga magoti.

"Ni mimi niliyeipitisha."

Silvester akamchapa kofi kwa mkono uliobaki, kwa nguvu, mpaka kitanda kikalia. Kando yake bakuli la uji lilikuwa halijaguswa. Nikakaa nikamnywesha, kijiko kwa kijiko, mpaka ukaisha.

"Bibi," akasema tulipoinuka, "kesho mje tena. Na huyu naye aje."