Mshale Uliopita Alama Nyekundu

Mwaka wa 1967, huko Sori, Kemuma alikuwa akifua nguo aliposikia tangi la chuma likiguna. Mumewe alikuwa ameenda Karungu, akaiacha injini ya dizeli ikisukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi hilo. Kemuma alitazama geji ya presha, akaona mshale umepita alama nyekundu ya hatari. Mama mkwe wake, Nyasuguta, aliyekuwa kipofu, alikuwa ameliegemea tangi hilo apate ubaridi.

“Mama, toka hapo! Litapasuka!”

“Niende wapi, mwanangu?”

Kemuma akamkokota mkongwe hadi nyuma ya nyumba, kisha akarudi peke yake, akazima injini na kufungua mfereji wa tangi. Maji yalifoka. Mshale ukashuka polepole. Kemuma alianguka matopeni, huku Nyasuguta akimwita kutoka nyuma ya nyumba.