Damu Yangu Iliulizwa Swali Moja

Usiku wa jana niliota kichupa cha damu yangu kimesimama kizimbani kutoa ushahidi, nami nimekaa mbele yake na sweta, natetemeka katikati ya joto la Tanga.

Kosa langu likasomwa: kuumwa ilhali vipimo ni vya kawaida.

Hakimu mwenyewe anaitwa Kawaida. Hana uso. Nyuma yake wameandika ukutani: KAWAIDA NI KAMA SHERIA. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, sikujua kama siku moja itanipeleka mahakamani.

"Mshitakiwa, unaumwa nini?"

"Tezi, mheshimiwa."

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Karani anajifuta machozi. "Mama wee! Mwanamke na tezi? Si ugonjwa wa wazee wa kiume huo?"

Tezi yangu ikachungulia kwenye ukosi wa sweta. "Huyo mnayemsema ni tezi dume," ikasema kwa adabu. "Anakaa kule chini, wala hatutembeleani. Mimi nakaa shingoni." Ikarudi ndani, imechoka.

Nikaeleza. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nasahau chumvi kwenye mchuzi, nasahau jina la jirani. Dawa nameza kila asubuhi kabla ya chai, siruki. Na mume wangu, Baba Nasra, alipoyaona majibu ya damu alisema, "Umepona, mama. Uliobaki ni uvivu." Neno hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mara hatupo mahakamani tena, tupo kwenye zizi la mbuzi. Kawaida anaonesha uzio. "Namba za vipimo zilizo ndani ni za wazima. Zilizo nje ni za wagonjwa." Namba yangu imo ndani, imejibana kwenye kona, mguu mmoja umetokeza nje.

"Imo," anasema. "Tia saini kwamba umepona, na kwa daktari usirudi tena."

Damu iliyobaki mwilini ikanichemka. "Sitii! Kwanza shahidi aseme."

Kichupa kikakohoa. "Mimi nilipimwa kipimo kimoja; niliulizwa swali moja tu, nikalijibu. Mengine hawakuniuliza."

"Unayo ya kusema?" nikakiuliza.

"Tele. Ila nilizibwa kizibo."

Kawaida anagonga nyundo kwenye mgongo wa mbuzi. "Swali moja latosha! Mimi sioni baridi yoyote hapa."

"Utaionaje, na shingo yako hiyo nzima?" nikamwambia. "Asifuye mvua imemnyea, mheshimiwa. Wewe bado mkavu."

Nikaizungusha shingo yangu kama kifuniko cha chupa ya chai, ikatoka. Nikamvisha. Haikuuma.

Hakimu anaanza kutetemeka. Uso hana, lakini meno yanagongana. "Fungeni dirisha!"

"Hili ni zizi, mheshimiwa. Halina dirisha."

"Basi nipe sweta!"

"Sweta la nini? Wewe mzima. Jikaze!" Wallahi, sijapata kusema neno tamu kama hilo.

Kawaida akalia. Akapiga magoti kwenye samadi, akatamka hukumu kwa sauti ya kukwaruza: mshitakiwa arudi kwa daktari, na damu yake iulizwe maswali yote. Mbuzi wakapiga makofi.

Nikaamka. Jua limeshapanda, feni inasukuma hewa ya moto. Nikapapasa mwili: sweta sina, na nililala nalo.

Analo Baba Nasra. Amejikunyata ukingoni mwa kitanda, magoti kidevuni, sweta langu limembana makwapani, vifungo vyote amefunga.

"Mama Nasra," akasema, meno yakigongana, mkono ameushika shingoni. "Baridi gani hii leo? Mwili wote hauna nguvu. Nisamehe, sikujua iko hivi."

Huruma sikumwonea, nisiseme uongo. Nikamtupia viatu vyake.

"Vaa, twende kwa daktari. Baridi utaieleza wewe. Maswali nitauliza mimi."