Modeli Iliyoitwa Mvamizi

Bi Nukta alikuwa amevua viatu chini ya meza na kufika mstari wa kwanza wa faili jipya, pale modeli inapopewa jina. Kiunzi walichotumia kujengea tovuti kilikuwa na masharti yake: kila kitu ambacho tovuti inapaswa kukikumbuka kinatengenezewa modeli, na modeli inaitwa kwa umoja, kwa herufi kubwa, bila kufupishwa. Ukishamtaja mmoja, kiunzi chenyewe kinaunda jedwali la wenzake wote. Bi Nukta, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwagombeza wenzake juu ya kila nukta, aliyapenda masharti hayo kuliko alivyowapenda baadhi ya shemeji zake.

Aliandika Mwenyeji.

Meneja alisimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Siyo hivyo. Mteja anataka Mvamizi."

"Mvamizi nani?"

"Hao wa mtaa wa bondeni. Si ndiyo tovuti yenyewe, ya kuwaondoa? Nyumba, picha, tarehe ya kubomoa, basi."

Mtaa wa bondeni ndiko alikoishi mama yake Bi Nukta. Zamani kampuni ya ardhi ilimwaga kifusi huko, kisha ikawaambia watu iliowafukuza kwingine: kaeni humo. Wakakisawazisha kwa mikono, wakachimba mitaro, wakapanda miti. Bonde lilipopendeza, kampuni ikakumbuka kwamba ni mali yake, ikaja kuagiza tovuti.

"Bosi, mama yangu si mvamizi."

"Nani kamtaja mama yako? Ni jina la modeli tu. Nani atalisoma?"

Akainama juu ya bega lake, akafuta, akaandika Mvamizi kwa mkono wake, akaenda kula.

Adhuhuri waliingia marehemu wa bondeni. Walipanda kwa ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, majembe begani, matope ya mitaro yamewakaukia hadi magotini. Dada wa mapokezi aliwagawia kadi za wageni, na zilipokwisha akawaomba wasubiri wenzao watoke. Aliyetangulia alikuwa babu mzaa mama wa Bi Nukta, ambaye mtaro ulimporomokea na kumfukia kabla mjukuu hajaanza shule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Sogea huko, umejaa kiti kizima."

Alibonyeza herufi moja moja, kwa kidole kimoja, mpaka likasomeka tena Mwenyeji. Wenzake walikaa meza nyingine wakibadilisha kila mahali jina lilipotajwa.

Meneja aliporudi alilalamikia matope kwenye kibodi. Akarudisha Mvamizi. Kesho yake adhuhuri walikuja tena. Akabadilisha nywila, babu aliiandika bila kuuliza mtu. Mfagizi aliwaomba waje kabla hajapiga deki, siyo baada, wakamkubalia. Mambo yakaenda hivyo mpaka mteja akapiga simu kuuliza tovuti yake imekwama wapi.

"Liacheni hilohilo," meneja akasema. "Mwenyeji, mvamizi, tingatinga halijui kusoma."

Jioni Bi Nukta alishuka bondeni karibu anakimbia. "Mama, tumewashinda!"

Mama yake alikuwa kizingitini, simu mkononi, akausoma ujumbe kwa sauti: "Ndugu Mwenyeji, nyumba yako itabomolewa Jumatatu. Asante kwa ushirikiano wako." Akavua miwani. "Aliyeandika ana adabu."

"Ni tovuti yangu, mama."

"Naona. Na huyo anayebomoa, huko kwenye tovuti yako mmempa jina gani?"

Bi Nukta alizipitia modeli zote kichwani. Kulikuwa na modeli ya nyumba, ya picha, ya tarehe, ya mwenyeji. Ya mbomoaji haikuwapo. Hakuna aliyeiagiza.

Jumatatu tingatinga lilifika kwa wakati. Marehemu walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba. Dereva, mtu mstaarabu, aliwaamkia, akawaomba radhi, kisha akapita katikati yao, maana marehemu hawazuii chuma. Ukuta wa jikoni ulianguka kwanza. Mama alihamia chumbani kwa binti yake na godoro, sufuria na mlango, ambao alikataa katakata kuuacha.

Siku iliyofuata Bi Nukta alifungua faili jipya. Kwa umoja, kwa herufi kubwa, bila kufupisha, akaandika Mporaji. Kiunzi kikaunda jedwali.

"Hiyo imeagizwa na mteja gani?" meneja akafoka.

"Wateja wako kwenye ngazi, wanapanda."

"Ifute sasa hivi, ama kazi huna!"

"Nifukuze. Lakini utasubiri kidogo, nina watu."

Babu alisimamisha jembe ukutani, akavuta kiti. Nyuma yake foleni ilijaa korido na kuteremka hadi barabarani.

"Aliyekuleta bondeni ni nani, babu?"

Babu akamtaja, jina lake na la baba yake, na meza ya kampuni aliyokuwa ameikalia siku ya kuwafukuza. Bi Nukta akaliandika.

"Anayefuata," akasema.