Mwandiko Ndani ya Mfuniko

Afande hakusalimia. Aliitoa simu kwenye mfuko wa nailoni wenye lakiri, akaiweka katikati ya meza, juu ya skrubu zilizotawanyika.

"Unaijua hii?"

Fundi aliijua. Angeijua hata gizani kwa ule ufa wa kona ya kushoto. Ilikuwa simu ya Mwalimu, jirani yake wa mlango wa tatu, aliyekamatwa wiki mbili zilizopita. Sababu mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa: Jumanne saa tisa alasiri, simu hiyo iliwatumia watu mia nne ujumbe wa kuwaita wakachome ofisi ya uchaguzi. Saa kumi ofisi ikaungua, na mlinzi akafia ndani.

"Naijua, afande," alisema.

Jumanne ile saa tisa, simu haikuwa simu. Mwalimu alimletea Jumatatu asubuhi ikichuruzika maji, imemtumbukia kwenye ndoo, na mpaka Alhamisi ilikuwa vipande vipande mezani hapo: kioo huku, betri kule, na bodi, pale simu inapotunza kila kitu chake, imelala kwenye bakuli la spiriti. Kitu cha namna hiyo hakimtumii mtu hata salamu.

Nyuma ya afande alisimama mwanamume mwembamba mwenye miwani, mkoba wa kompyuta ameukumbatia kifuani. Huyo ndiye mtaalamu wa maabara aliyeichimbua simu na kuukuta ujumbe.

"Ifungue," afande aliamuru.

Aliubandua mfuniko wa nyuma. Kila fundi ana mazoea yake. Yake yeye ni kuandika ndani ya mfuniko, kwa kalamu ya wino mzito, siku simu ilipoingia, ugonjwa wake na siku ilipotoka. Mwalimu alikuwa akimtania kwamba simu yake imegeuzwa kadi ya kliniki. Mistari mitatu ilikuwepo. Wa mwisho ulisomeka: Imeingia Jumatatu 14, maji. Imetoka Alhamisi 17.

"Mwandiko wa nani huo?"

"Wangu."

"Ulikosea tarehe."

"Sikukosea, afande. Ilikuwa hapa hapa, bodi yake iko kwenye..."

"Dada." Afande alivuta kigoda, akaketi, akashusha sauti kama aliyekuja kutoa pole msibani. "Kompyuta ya maabara imesema Jumanne saa tisa. Kompyuta haina chama wala jirani. Wewe unavyo vyote viwili. Hakimu amwamini nani?"

Fundi alimgeukia mwenye miwani. "Kaka, wewe kazi hii unaijua. Simu isiyo na betri inaandikaje ujumbe? Na saa ya simu, si mtu anairudisha nyuma tu, akaandika anachotaka?"

Yule aliivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Ripoti imeshasainiwa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Haikufika kwangu siku ileile waliyoichukua, dada."

Afande aligeuza shingo akamtazama. Mwenye miwani akairudisha miwani usoni.

Ndipo afande akatoa simu yake mwenyewe na kumwonyesha picha. Maandamano. Katikati ya umati, mdomo wazi, ngumi juu, alikuwa mdogo wake Fundi, yule wa mwisho, aliyechangia naye kitanda tangu mama yao afariki.

"Simu yake hatujaichukua," afande alisema. "Tukiichukua, sijui itakutwa na nini ndani."

Aliogopa, wala hakujaribu kulificha hilo.

"Spiriti si unayo?" afande akauliza.

Alikuwa nayo. Alilowesha pamba, akasugua. Wino mzito hautoki kwa mkono mmoja. Ilibidi arudie, na arudie tena.

"Na ile mistari ya zamani?"

"Futa yote. Usafi ni usafi."

Mwezi mmoja baadaye walimsimamisha kizimbani, shahidi wa tatu wa serikali, athibitishe tu kwamba simu ni ya Mwalimu. Alithibitisha. Mwalimu alikuwa amebaki mifupa ndani ya shati, lakini alipomwona Fundi uso ulimchangamka. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa, siku hiyo simu ilikuwa kwa huyu. Na huyu huandika! Fungueni mfuniko, tarehe zote zimo, mwandiko wake mwenyewe."

Karani akafungua. Hakimu aliuinua mfuniko kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akaupitisha kidole. Uling'aa kuliko wa simu mpya.

"Hapa hamna kitu," alisema. "Fundi, wewe huwa unaandika ndani ya simu za watu?"

Kwenye benchi la pili alikaa mdogo wake, simu mapajani. Nyuma yake tu, magoti yakigusa mgongo wa benchi, alikaa afande.

"Hapana, mheshimiwa. Siandiki."

Hakimu akainama kuandika. Mwalimu alikuwa bado anamtazama Fundi, na lile tabasamu lilikuwa bado lipo usoni pake, kama halijapata habari.