Goli la Mto Tyaa

Mpira wa kutembea una sheria moja inayowasumbua watu wazima kupita kiasi: usikimbie. Mguu mmoja lazima uwe chini kila wakati. Ukiinua yote miwili kwa pamoja, hata kidogo tu, umekimbia, na goli lako si goli. Wazee wa Mwingi nao wana mambo yao. Wakati wa kiangazi huchezea pekupeku kwenye mchanga wa mto Tyaa, na kabla ya mechi hukokota tawi la mgunga uwanja mzima hadi mchanga uwe laini kama unga. Kukitokea ubishi, hakuna kupayuka. Mbinya, refa wao, huinama akasoma nyayo. Mama huyo alianza kufuata mbuzi waliopotea akiwa na miaka saba.

Jumamosi hiyo wageni walitoka Mbumbuni, wazee wa sitini na kitu, wakiongozwa na Ndeti, mtu ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Mbele upande wa Mwingi alicheza Kiilu. Tangu kiharusi kimwangushe miaka miwili iliyopita, mguu wake wa kulia ulikuwa wa kuburuta tu, ukichora mfereji mchangani kila alikopita. Daktari alimwambia akubali. Akubali! Ni rahisi kusema ukiwa na miguu miwili mizima. Mkewe Kaluki ndiye aliyemsukuma aje mpirani, na kila mechi alikaa ukingoni akiutazama ule mguu kuliko alivyoutazama mpira. Kitu kimoja Kiilu hakuwahi kumwambia: kwamba akilala, hukimbia. Hukimbia kutoka Mwingi hadi Zombe bila kuhema, halafu huamka.

Jua la saa kumi lilikuwa limelegea. Wazee kumi na wawili walitembea mchangani bila haraka, mpira ukijiviringisha kivivu katikati yao, na sauti zao zilimfikia Kiilu kwa mbali, kama za watu walio ng'ambo. Kila upande ulikuwa na goli moja, na dakika zilikuwa zimeyoyoma. Mara mpira ukapenya kati ya mabeki, ukapita mbele yake ukienda zake. Hewa ikawa nyepesi. Kiilu alihisi yuko njia ya Zombe, yuko usingizini, na mwili hauna uzito. Aliposhtuka, mpira ulikuwa golini na wenzake walikuwa wanamkumbatia.

"Amekimbia!" Ndeti alipiga kelele. "Refa, huyu mzee amekimbia mchana peupe!"

"Mimi?" Kiilu alikasirika hadi mate yakamruka. "Huna haya wewe? Nitakimbia na nini, na huu mguu? Uliza mtu yeyote hapa Mwingi!"

Alilitaka goli lile. Woi, alilitaka! Miaka miwili watu walikuwa wakimwambia pole, na leo walikuwa wanamwambia hongera.

Mchezaji mmoja wa Mbumbuni alimvuta Ndeti shati. "Wachana naye, bwana. Si unaona ni mgonjwa?"

Neno hilo lilimchoma Kiilu kuliko kelele zote za Ndeti.

Mbinya akapuliza filimbi. "Kila mtu asimame alipo!" Akaufuata mfereji wa Kiilu, ameinama, mikono mgongoni, taratibu. Karibu na goli mfereji ukaisha. Mbinya akapiga goti.

"Mzee Kiilu, kuja uone mwenyewe."

Kiilu akaja akiburuta. Mbinya akamwonyesha kwa kijiti. Mguu wa kushoto, vidole tu. Pengo. Mguu wa kulia, vidole vimechimba, kisigino hakuna, na nyuma yake mchanga safi ambao haukuguswa.

"Hakuna goli," alisema Mbinya. "Umekimbia, mzee."

Ndeti alifungua mdomo ashangilie, akauona uso wa Kiilu, akaufunga. Kaluki alikuwa ameshateremka uwanjani, leso mdomoni.

Kiilu alipiga magoti, akaushika ukingo wa ule unyayo kwa kidole, pole pole asije akauharibu. "Ndeti, nisamehe," alisema. "Nimekimbia kweli." Kisha akamgeukia refa. "Hatua ngapi?"

"Nne."

"Za kulia?"

"Mbili."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. "Hesabu tena, Mbinya," alisema. "Hesabu kwa sauti, Kaluki asikie."