Bosi Hanyonyi

Mtoto alikuwa bado hajapewa jina, kwa hiyo bibi yake alimwita Bosi, maana akilia nyumba nzima husimama wima. Bibi huyo alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa amepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja, lakini huyu ndiye aliyekuwa mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa mwanawe wa pekee.

Siku ya tano, asubuhi, mkwewe alimfuata jikoni, mtoto begani.

"Mama, hanyonyi. Nikimpa ziwa analishika kidogo, kisha anaachia."

Mkunga alifuta mikono, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Hakuwa na joto.

"Bosi ameshiba. Uzazi wa kwanza huo, mwanangu, kila kitu kinatisha. Mwache alale."

Jioni mkwe akarudi. "Mama, leo hajalia hata mara moja."

"Wenzio wanaomba watoto wa namna hiyo," mkunga akasema, akacheka.

Kesho yake alipomchukua kumwogesha, miguu ilikuwa ya baridi na mwili umelegea kama kitambaa kibichi. Akamfunua. Kitovu kilikuwa chekundu, na wekundu wenyewe ulishatambaa hadi kwenye ngozi ya tumbo. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea ndani. Mkunga akatazama saa ya ukutani, akahesabu: pumzi sabini na mbili kwa dakika. Sitini tu ni hatari. Aliwafundisha wanafunzi wangapi mambo haya? Kichanga akiugua si lazima achemke, huenda akapoa. Na kuacha kunyonya ndiyo kengele ya kwanza. Aliyajua hayo hata usingizini.

Hospitali walimkuta muuguzi aliyekuwa mwanafunzi wake. Binti yule alimtoa mtoto damu ya kupima, akamchoma sindano ya dawa, akamwekea oksijeni, mikono imetulia. Kisha akashika kalamu.

"Aliacha kunyonya lini?"

Mkwe alifungua mdomo, lakini mkunga akamtangulia.

"Jana asubuhi. Mama yake aliniambia. Jioni akaniambia tena kwamba halii. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

"Sawa, Mwalimu," muuguzi akasema, akaandika.

Maambukizi yalishaingia kwenye damu. Bosi alipigana siku mbili, akafariki saa nane mchana, kifuani kwa mama yake.

Baada ya maziko mkwe hakumsemesha mkunga, naye hakulalamika. Angelalamikia nini? Majirani walipomletea vichanga awatazame, kama walivyozoea, aliuliza kwanza, "Mama yake anasemaje?" Akishasikia jibu, huvaa viatu na kuwasindikiza hospitali.

Siku ya kumi na moja baada ya maziko alikuwa akikunja nguo chumbani, mkwe akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Uliposema ukweli pale hospitali nilikuchukia, Mama. Lakini ungenyamaza, ningefungasha virago siku ileile."

"Ungekuwa na haki."

"Bado nina hasira."

"Kuwa nazo, mwanangu. Usinifiche."

Mkwe akainamisha kichwa. Maziwa yalikuwa hayajamkauka, na upande mmoja wa blauzi ulikuwa umelowa. Mkunga akachomoa taulo safi kwenye nguo zilizokunjwa, akampa, akaketi kando yake.