Sabuni na Jagi la Majivu

Jagi halikuwepo.

Kwamboka alisimama nyuma ya jiko la mama mkwe wake, glavu za mpira mikononi, akalitazama jiwe tupu alipoliacha jagi lipoe. Alizunguka nyumba. Akachungulia chini ya uchanja wa kukaushia vyombo, akafungua hata banda la kuku, ingawa alijua kuku hawabebi jagi.

Ndani ya jagi hilo mlikuwa na kostiki, ile dawa nyeupe inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ikishayeyuka majini haina harufu wala moshi, inatulia kama maji mengine yoyote, lakini ikikugusa inakuchuna ngozi. Na asubuhi hiyo Kwamboka alikuwa ameiyeyusha kwenye maji ya majani ya chai yaliyopoa, ili sabuni zipate rangi ya kahawia.

Sabuni zenyewe zilikuwa zawadi za Disemba. Ofisi alimokuwa karani mkuu kule Keroka ilifungwa mwezi wa nane, na yeye si mtu wa kurudi kwa wakwe mikono mitupu. Basi akajifunza. Alikamua mafuta ya maparachichi yaliyokuwa yakiozea chini ya miti, akachanganya na ya nazi, akakata vipande, akavifunga kwa majani makavu ya mgomba. Za familia zilikuwa zimeshakauka vizuri. Za leo zilikuwa za wanakwaya wageni wa kanisani, kwa sababu jana jioni mama mkwe wake, Bathsheba, alikuwa ametangaza mbele ya watu, "Mke wa mwanangu atawapa kila mmoja sabuni," bila kumuuliza. Ndiyo maana Kwamboka alikuwa na haraka, na ndiyo maana alichukua jagi la kwanza aliloliona.

Akaingia jikoni. Jagi lilikuwa limefunikwa kwenye rafu, tupu, limesuuzwa.

Pale ndipo alipolitambua. Lilikuwa la plastiki nene, la manjano, lenye mpini uliofungwa waya. Lilikuwa jagi la majivu. Bathsheba alichoma maganda ya maharagwe, akachuja maji kwenye majivu yake, na maji hayo, ya kahawia kama chai nyepesi, ndiyo aliyolainishia mboga za kienyeji. Katika boma hilo hakuna aliyehitaji kuuliza kilichomo ndani ya jagi la manjano.

Kwenye mafiga kulikuwa na tone la mchuzi wa kijani. Kwamboka alilisugua kwa kidole cha glavu. Likateleza, likatoa povu. Alilinusa. Chini ya harufu ya chinsaga, zile mboga chungu, na ya maziwa yaliyopikiwa humo, kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua vizuri baada ya miezi mitatu ya kukoroga. Mafuta ya maziwa yalikuwa yameanza kugeuka sabuni.

Chungu cha udongo cha Bathsheba hakikuwepo. Kingekuwa sufuria ya alumini, kostiki ingechemka na kuitoboa, na kila mtu angeona. Lakini Bathsheba alisema siku zote kwamba chinsaga ya sufuria ni ya wavivu.

Ilikuwa Ijumaa, na wanakwaya wageni walikuwa wakila mchana kanisani kabla ya Sabato kuingia. Chungu kilikuwa kimeenda kanisani. Bathsheba alikuwa ameenda nacho, na Linda pia, binti wa Kwamboka wa miaka sita, ambaye nyanya yake humlisha mboga kwa mkono moja kwa moja kutoka chunguni.

Alimpigia Bathsheba. Simu ikalia chumbani, chini ya mto.

Alimpigia Jacinta, wifi yake.

"Jacinta, chungu cha chinsaga kiko wapi?"

"Kiko mezani mbele yangu. Wewe uko wapi? Wageni wameshanawa mikono, na mke wetu bado anajipamba."

"Mtu yeyote asile hizo mboga. Mama ameweka dawa yangu ya sabuni."

Jacinta alicheka. "Umeanza tena? Mwaka jana ulisema majivu yanaharibu tumbo. Mwaka juzi ulileta magadi ya dukani kwenye karatasi. Leo majivu yamekuwa sumu kabisa?"

"Sisemi majivu. Nisikilize—"

"Mama akikusikia, mimi simo. Njoo ule." Akakata simu. Alipopigiwa tena hakupokea.

Kwamboka akakimbia. Hakungoja pikipiki. Alikata katikati ya mashamba ya chai, matawi yakimkwaruza magoti, udongo mwekundu ukamvua kandambili moja, naye akaiacha hapo. Alikuwa akizungumza peke yake. Aliwaza koo la mtoto wa miaka sita lina upana gani. Alijiambia asiwaze hilo, akaendelea kuliwaza mpaka alipoliona bati la kanisa.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Linda alikuwa kwenye mkeka, sahani mapajani. Kwamboka alimnyang'anya.

"Umekula mboga?"

"Bado. Nyanya amesema wageni kwanza."

Sahani ilikuwa na ugali mtupu.

Mezani Bathsheba alikuwa amefunua chungu, upawa mkononi, na sahani tatu zimeshajaa kijani. Kiongozi wa kwaya, mzee Machogu, alikuwa amekata tonge na kulibonyeza kwa kidole gumba.

"Baba, weka chini," Kwamboka alisema. "Wote wekeni chini. Hizo mboga zina kostiki."

Jacinta alijifunika uso kwa kitambaa.

Bathsheba hakugeuka upesi. "Mama Linda," alisema, maneno yakitoka mazito, kama mtu mwenye kitu mdomoni, "umekuja na glavu mpaka kanisani."

"Mama, lile jagi lilikuwa na dawa yangu ya sabuni. Nililiweka nyuma ya jiko lipoe."

"Jagi la manjano ni la majivu."

"Najua."

"Nimepika chinsaga tangu kabla baba ya huyu mtoto hajazaliwa. Wageni hawa wamezila mwaka jana, na mwaka wa kabla yake. Hakuna aliyeumwa hata ukucha." Akachota upawa ukajaa. "Sasa watazame."

Akaupeleka mdomoni.

Mke wa mwana hampigi mama mkwe. Hamgusi kwa hasira hata nyuma ya nyumba, seuze mbele ya mchungaji na kwaya ya ugenini. Kwamboka aliupiga ule mkono kwa nguvu zake zote. Upawa uliruka, mboga zikamwagika kwenye kiganja na kifundo cha Bathsheba, na mtu mmoja kwenye benchi akasema polepole, "Amempiga mamake."

Bathsheba alifuta mkono kwa leso. Kisha akaacha kufuta. Ngozi ilikuwa ikiwa nyekundu, na chini ya leso kulikuwa na utelezi.

"Maji," Kwamboka alisema. "Jacinta, maji. Mengi."

Mzee Machogu alikuwa ameshatupa tonge na kukusanya sahani. Jacinta alileta ndoo huku analia. Kwamboka alimwaga kikombe baada ya kikombe juu ya mkono ule. Alipouinua uso ndipo alipouona mdomo wa mama mkwe wake kwa karibu. Midomo ilikuwa imevimba, na nyuma yake ulimi ulikuwa mweupe kama uliochemshwa.

"Mama. Ulionja nyumbani."

Bathsheba aliufunika mdomo kwa mkono mwingine.

"Ulionja, ikakuunguza, na ukaleta."

"Niliongeza maziwa," alisema kwa sauti ndogo ya kwao wawili tu. "Nilidhani nimezidisha majivu. Nilisema mkono wangu umezeeka, sijui tena kupima. Ningemwambia nani? Wageni walikuwa njiani."

"Si mkono wako. Ni mimi niliyechukua jagi."

"Nimesikia."

Dereva wa kwaya alileta gari. Kwamboka alimpakia Bathsheba kiti cha nyuma, ndoo katikati ya miguu yao, akamwachia Jacinta mtoto na kumwambia amwage chungu shimoni, asimpe hata mbwa. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilimwaga nusu ya kikombe.

"Sukutua, uteme."

Bathsheba akasukutua, akatema. Mate yalikuwa na damu.

"Ulimeza?"

Mama mkwe alitazama dirishani, kwenye chai iliyokuwa ikipita.

"Mama, nataka kujua nimwambie nini daktari. Ulimeza?"

"Kidogo."

Kwamboka alimwambia dereva aongeze mwendo. Dereva alisema ndiyo huo, gari halina mwingine. Bathsheba akaunyoosha tena mkono wake ulioungua juu ya ndoo, bila kumtazama.

"Mwaga," alisema. "Na lile jagi ukalichome moto."

Kwamboka akachota, akamwaga.